Utunzaji wa nje ya nyumba: Kariakoo na katikati ya Dar es Salaam

Utunzaji wa nje ya nyumba ni kazi zote za kusafisha, kuziba, kupaka na kukarabati paa, kuta, baraza, mitaro na ua kwa kufuata majira. Katika Kariakoo na mitaa ya katikati ya jiji, ratiba yake hupangwa na mvua: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Jiji hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi mzito kuliko yote. Kwa hiyo Februari, jua likiwa kali, ni mwezi wa kupanda juu ya bati. Juni hadi Agosti, kipupwe kikiingia na kuta zikikauka, ni wakati wa chokaa na rangi. Rangi iliyopakwa Aprili juu ya ukuta uliolowa hubabuka mapema, na fedha ya mwenye nyumba huenda nayo.

Viwanja vya Kariakoo vilianza kupimwa kwa mistari iliyonyooka enzi ya Wajerumani, na Waingereza wakauendeleza mpango huo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba iliyotawala humo kwa miongo mingi ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, baraza mbele, na ua wa nyuma wenye jiko na choo. Kuta za zamani zilikuwa boriti za mikoko na fito zilizokandikwa udongo, juu makuti. Baadaye yakaja madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha bati. Ukuta wa udongo ulidai kazi kila mwaka. Matone ya upenuni hurukia chini ya ukuta na kuuchimba, hivyo masika yakiisha sehemu hiyo ilikandikwa upya kabla mchwa hawajaingia kwenye fito. Upenu mpana na msingi ulioinuliwa vilikuwa kinga ya kweli, na fundi aliyevifupisha ili kuokoa mbao alimwachia mwenye nyumba deni la kila mwaka.

Baraza hufagiliwa asubuhi kwa ufagio wa chelewa, maana ndiko wageni wanakokaa. Ramadhani ikikaribia, familia nyingi za pwani huupaka ukuta wa mbele chokaa mpya hata kama fedha ni haba. Kwa kuwa mwezi huo hutembea katika majira yote, ipo miaka unapoangukia mvua, na hapo busara ni kusafisha tu na kungoja ukuta ukauke.

Juu ya bati, cha kwanza kuangaliwa ni misumari. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, msumari ukapanda polepole. Mpira ulio chini ya kofia yake hukaushwa na jua ukapasuka, na maji yakapata njia. Msumari uliolegea hubadilishwa, tundu likazibwa, kabla ya ubao wa papi ulio chini yake kuoza. Upepo wa bahari hubeba chumvi, ndiyo maana kutu huanza pale bati linapopandia jingine, mahali maji yanapokawia kukauka.

Kisha yafuata magata. Hujaa majani, vumbi na vijiti vya viota vya kunguru, maji yakatuama humo. Hili si suala la sura ya nyumba peke yake: jiji lilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji kidogo yaliyotuama karibu na watu. Hata majengo makubwa yanahusika: Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa likiwa na mapaa ya zege yenye umbo la miavuli iliyogeuzwa ili kukusanya mvua. Paa la namna hiyo haliwezi kuachwa bila kuzibuliwa.

Makosa mazito zaidi hufanyika kwenye kuta za majengo ya kale. Boma la Kale, la miaka ya 1860 enzi ya Sultani Majid wa Zanzibar, ni la mawe ya matumbawe na chokaa. Lilikarabatiwa na kufunguliwa tena kwa umma mwaka 2017. Matumbawe hunyonya maji na chumvi, na chokaa huuacha unyevu utoke. Ukuta huo ukipigwa lipu ya saruji, maji hufungiwa ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuibomoa vipande vipande, na boriti huoza kwenye ncha zilizoingia ukutani. Mwenye jengo huona lipu inadondoka, akaongeza saruji, na hali ikazidi kuwa mbaya. Inafaa kubandua saruji yote na kurudia chokaa. Chokaa ya kupaka huzimwa kwa maji, huachwa siku kadhaa, huchujwa kwa kitambaa na kutiwa chumvi kidogo ili ishike. Ukuta huloweshwa kwanza, kisha hupakwa tabaka nyembamba mbili au tatu.

Ghorofa zilizochukua nafasi ya nyumba nyingi za Kiswahili zina maradhi yake. Viyoyozi hudondosha maji mchana kutwa, ukuta ukatoa michirizi ya kijani na fangasi. Mbegu za mitini zinazoletwa na ndege huota kwenye nyufa za roshani za Uhindini, mtaa wa Wahindi katikati ya jiji. Mche wa mtini hung'olewa ungali mdogo, kwa sababu ukishakatwa juu tu, mizizi hubaki na kuendelea kuupanua ufa. Wapangaji wakiwa wengi, ukuta wa nje hukosa mwenyewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, husaidia mitaroni na barabarani, lakini haifiki ghorofa ya nne. Huko kazi ni ya mwenye jengo, na inahitaji jukwaa imara na fundi aliyefungwa kamba, si ngazi iliyoegeshwa kwenye roshani.