Tarehe Saba ya Mwezi wa Saba

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilizoea kusoma, pembeni mwa gazeti la asubuhi, orodha fupi ya mambo yaliyotukia tarehe kama ile katika miaka iliyopita. Mfalme fulani alifariki, mkataba fulani ulitiwa sahihi, mji fulani ulitekwa. Orodha za namna hiyo zapendeza, na zamsaidia mwanafunzi kukumbuka miaka. Lakini haziulizi swali lililo kubwa kuliko yote: je, mambo hayo yamekutana siku moja kwa sababu yoyote, au yamekutana kama wasafiri wawili wakutanavyo njia panda, kila mmoja akaenda zake?

Nia ya makala haya ni kulijaribu swali hilo kwa siku moja tu, tarehe 7 Julai, ambayo sisi wa Afrika ya Mashariki huiita Saba Saba. Nitaonyesha kwamba tarehe haina uzito wa asili. Uzito wake hutoka kwa watu, nao huutia kwa njia mbili: kwa kuikumbuka siku ya kwanza wanapofanya jambo la pili, na kwa kuipa siku hiyo jina.

Tuanze na orodha yenyewe. Tarehe 7 Julai 1307 alifariki Edward I, mfalme wa Uingereza. Mwaka 1456, mjini Rouen katika Ufaransa, ilitanguliwa hukumu ambayo kwayo Jeanne d'Arc alichomwa moto mwaka 1431. Mwaka 1807 Napoleon na Kaisari wa Urusi walipatana huko Tilsit. Mwaka 1898 Rais McKinley wa Marekani alitia sahihi azimio la kuitwaa Hawaii. Mwaka 1937 askari wa Japani na wa China walipigana kwenye daraja la Lugou karibu na Peking, na vita vilivyofuata havikwisha mpaka 1945. Mwaka 1978 Visiwa vya Solomon vilipata uhuru. Mwaka 2005 mabomu yaliwaua watu 52 mjini London, mbali na wale walioyalipua.

Hapana uzi hata mmoja uunganishao mambo hayo. Waliopatana Tilsit hawakumkumbuka Jeanne d'Arc, wala askari wa darajani hawakuijua habari ya Hawaii. Hii ni sadfa tupu. Tena, tukichungua zaidi, hata hiyo sadfa haikukamilika. Tarehe za 1307 na 1456 zimeandikwa kwa kalenda ya Yulio Kaisari, iliyokuwa ikichelewa kidogo kidogo kulifuata jua. Papa Gregorio XIII aliisahihisha mwaka 1582 kwa kuruka siku 10, hata siku iliyofuata tarehe 4 Oktoba ikawa tarehe 15. Waingereza hawakukubali hesabu hiyo mpya mpaka mwaka 1752. Kwa hesabu tuitumiayo leo, hukumu ya Rouen ilitanguliwa tarehe 16 Julai. Kadhalika Vasco da Gama, ambaye vitabu vyasema aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 katika safari iliyomfikisha Malindi mwaka uliofuata, aliondoka tarehe 17 kwa hesabu yetu. Basi mwenye kuziweka siku hizo pamoja ameunganisha tarakimu, wala hakuunganisha siku.

Hayo yatukumbusha kwamba pwani yetu nayo ilikuwa na hesabu zake kabla ya kalenda hii kuenea. Wakulima na mabaharia waliufuata mwaka wa jua ulioanza kwa Nairuzi, mwaka wa siku 365 usioongezwa siku ya mwaka mrefu, wakauhesabu kwa miongo, yaani makumi ya siku. Kwa mambo ya dini na ya nyumbani walifuata miezi ya mwandamo, wakaanza kuihesabu baada ya Ramadhani: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, na kuendelea. Siku yenyewe ilianza jua likichwa, ndiyo sababu wazee wakisema usiku wa Ijumaa wana maana ya usiku uliotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa hesabu ya mwandamo, 7 Julai 1954 iliangukia Mfungo Pili, 7 Julai 1990 Mfungo Tatu, na 7 Julai 2000 Mfungo Saba. Siku tatu tuzionazo kuwa ni moja, kwa kalenda ya babu zetu zilikuwa katika miezi mitatu mbalimbali.

Sasa tuitazame siku ya mwaka 1954, maana hapo ndipo jina lilipopata kuzaliwa. Jumatano, tarehe 7 Julai, wajumbe wa chama cha Tanganyika African Association, kilichoanzishwa mwaka 1929, walikuwa wamekutana Dar es Salaam. Wakakigeuza chama chao kuwa Tanganyika African National Union, yaani TANU. Waasisi wahesabiwa kuwa 17. Rais wao alikuwa Julius Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu Pugu. Baada ya miaka saba na miezi mitano tu, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikawa huru.

Msomaji na atazame jina ambalo watu waliipa siku hiyo. Hawakuiita Siku ya TANU tu. Waliiita Saba Saba. Jina hilo liliwezekana kwa sababu Kiswahili huweza kuutaja mwezi kwa hesabu, mwezi wa saba, bila kuhitaji neno Julai. Tarakimu mbili zilizolingana zikafanya jina fupi, lenye mdundo, lisilosahaulika hata na asiyejua kusoma. Kwa mfano huo huo tarehe 8 Agosti, sikukuu ya wakulima, ikaitwa Nane Nane. Lakini siku ya uhuru wa Tanganyika haikupata jina la namna hiyo, maana tisa na kumi na mbili hazilingani. Watu husema Tisa Desemba. Na hilo neno saba lenyewe ni la Kiarabu. Neno la kale la Kibantu, ambalo lasikika bado katika Kishambaa, limebaki kwetu katika fungate, zile siku saba za arusi.

Jina likisha kuzaliwa huenda mbali kuliko tukio. Mwaka 1977 TANU iliungana na Afro-Shirazi Party, na kwa jina lake ikatoweka. Lakini Saba Saba haikutoweka. Ilibaki kuwa sikukuu, na maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam yakaichukua. Leo mtu akisema, "Nakwenda Sabasaba," akilitamka kama neno moja, huenda hana habari ya chama wala ya tarehe. Ataja uwanja ulioko Barabara ya Kilwa. Hesabu imekuwa siku, na siku imekuwa mahali.

Upande wa kaskazini jina lile lile lilipata maana nyingine. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu mwaka 1982. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliopata kuwa mawaziri, waliwaita watu mkutanoni Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai, kudai vyama vingi. Serikali ilikataza mkutano, na wawili hao wakatiwa kizuizini siku chache kabla. Watu walikwenda hata hivyo. Polisi waliwatawanya, ghasia zikaenea kwa siku kadhaa, na watu wakauawa. Mwezi Desemba 1991 kile kifungu cha chama kimoja kilifutwa katika katiba. Tangu hapo, kwa Mkenya, Saba Saba ni siku ya kudai haki na ya kuwakumbuka waliokufa. Mkutano mkubwa wa upinzani uliofanyika Uhuru Park tarehe 7 Julai 2014, na maandamano ya tarehe hiyo mwaka 2025, ambayo nayo yalimwaga damu, havikuwa vya sadfa. Hapa ndipo tarehe inapokuwa historia, kwa kuwa waliotoka mwaka 2025 walijua vyema nini kilitukia mwaka 1990.

Yamebaki matukio mawili. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000, miaka 23 baada ya Jumuiya ya kwanza kuvunjika. Na ibara yake ya 137 yaagiza Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Kisha, tarehe 23 Novemba 2021, UNESCO ilitangaza kwamba kila 7 Julai itakuwa Siku ya Kiswahili Duniani, heshima ambayo lugha ya Kiafrika haikupata kupewa kabla. Sababu iliyotolewa ni kwamba TANU ilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kuwaunganisha watu katika kudai uhuru.

Sababu hiyo ni ya kweli, lakini yataka kusomwa kwa uangalifu. Kiswahili hakikuanza kazi ya kuunganisha siku ile moja. Misafara ya biashara, serikali ya Wajerumani, shule, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 vilikwisha kukieneza. TANU ilikikuta njiani, ikakipa madhumuni mapya. Tukisema kwamba yote yalianza tarehe 7 Julai 1954, tutakuwa tumewanyima haki wapagazi, walimu na washairi ambao kazi yao haina tarehe.

Tena liko jambo la pili, nalo lanishughulisha zaidi. Tukiisherehekea Siku ya Kiswahili kwa ngoma na hotuba, yatupasa kujua kwamba ng'ambo ya mpaka kuna mama ambaye siku hiyo hiyo, kwa jina hilo hilo la Kiswahili, amlilia mwanawe. Lugha moja imebeba furaha ya mmoja na msiba wa mwingine. Atakayeandika kamusi ya kesho asiandike maana moja na kuiacha ya pili. Wala atakayeandika historia asiichague ile impendezayo. Waliokuwa watu wazima mwaka 1954 ni wachache mno sasa, na waliokuwa Kamukunji mwaka 1990 wanazeeka. Kazi iliyo mbele yetu ni kuyaandika maneno yao, kila mtu jinsi alivyoisikia na kuiita siku hiyo, kabla orodha ya gazeti haijawa ndiyo kumbukumbu pekee iliyosalia.