Mti Haupandwi Siku Moja: Wanavyuo na Historia ya Shughuli za Mazingira

Kila mwaka tangazo la Siku ya Mazingira hubandikwa kwenye mbao za matangazo za vyuo vyetu, na kila mwaka wanafunzi wengi wa Kiswahili hulipita bila kusimama. Ukiwauliza sababu, watakujibu kwamba hayo ni mambo ya watu wa misitu na wa sayansi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia hailiungi mkono jibu hilo. Aidha, yanadai kwamba kasoro yetu kubwa si kutohudhuria tu, bali pia kuhudhuria siku moja kisha kuondoka.

Tuanze mbali kidogo. Siku ya Dunia iliadhimishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani tarehe 22 Aprili 1970. Aliyetoa wazo hilo ni Seneta Gaylord Nelson wa jimbo la Wisconsin. Alikuwa ameona jinsi wanavyuo walivyoendesha mijadala ya kupinga vita vya Vietnam, akafikiri kwamba mijadala ya namna hiyo ingefaa pia kuhusu hewa na maji yaliyochafuliwa. Kazi ya kuratibu alipewa Denis Hayes, kijana wa miaka 25 aliyekuwa mwanafunzi wa Harvard. Hata tarehe yenyewe iliteuliwa kwa kuangalia kalenda ya vyuo, ili iangukie baina ya likizo na mitihani ya mwisho. Inakadiriwa kwamba watu milioni 20 walishiriki. Mwezi Desemba mwaka huohuo, serikali ya nchi hiyo ilianzisha idara maalumu ya kulinda mazingira.

Tukirudi Afrika Mashariki, jina linalotangulia ni la Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1971 alitunukiwa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuipata. Wengi husahau kwamba hakuwa mtaalamu wa misitu. Alifundisha anatomia ya mifugo. Alipokuwa akikusanya kupe mashambani kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa ng'ombe, aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo, akatambua kwamba tishio kwa mifugo na kwa watu halikuwa kupe peke yake bali ardhi iliyovuliwa miti. Kwa hiyo, swali lililozaa harakati zake lilitoka nje ya somo lake.

Tarehe 5 Juni 1977, akiwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, aliongoza upandaji wa miti saba katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi. Miti hiyo ilikuwa ya kuwaenzi Wakenya saba wa makabila mbalimbali, na ndiyo iliyokuwa chanzo cha Harakati ya Mkanda wa Kijani. Ajabu ni kwamba kati ya miti hiyo saba, ni miwili tu iliyosalia. Sherehe ilifana, lakini baada ya sherehe miti mingi ilikosa mtunzaji.

Naamini hapo ndipo lilipo somo kubwa la historia hii. Harakati hiyo haikukata tamaa, bali ilibadilisha utaratibu. Wanawake wa vijijini walianzisha vitalu vyao wenyewe na kufundishana kuotesha mbegu, wakawa mabwana misitu wasio na vyeti. Malipo yao madogo hayakutolewa kwa mche uliopandwa, bali kwa mche uliodumu. Kwa njia hiyo miti mamilioni mengi ilipandwa, na mwaka 2004 Profesa Maathai akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Wanafunzi nao wana sura yao katika historia hii. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu za msitu wa Karura, pembezoni mwa Nairobi, zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti huko, wakashambuliwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Mwishoni mwa mwezi huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Kenyatta waliingia katika mapambano hayo. Walikabiliana na polisi, na vyuo vyao vikafungwa. Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo, Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Karura ni msitu ambamo watu wa Nairobi hutembea na kupumzika.

Hapa kwetu Uganda tunaikumbuka Mabira. Mwaka 2007 ulitolewa mpango wa kukata zaidi ya hekta 7,000 za msitu huo ili pandwe miwa. Ujumbe mfupi ulisambazwa kwa simu ukiwaomba watu wasinunue sukari ya kampuni iliyohusika. Ufalme wa Buganda na Kanisa walijitolea kutoa ardhi mbadala. Lakini maandamano ya tarehe 12 Aprili jijini Kampala yaligeuka ghasia, Waasia wakashambuliwa, na watu wakapoteza maisha. Mpango ulisitishwa, kisha ukaibuka tena mwaka 2011. Kisa hiki kina mafunzo mawili kwa mwanafunzi wa lugha. Kwanza, neno lililotungwa vizuri laweza kuulinda msitu, na neno la chuki laweza kumwaga damu. Pili, msitu uliookolewa mara moja haujaokolewa daima.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha jambo hilohilo. Baada ya ripoti ya tume ya Gro Harlem Brundtland ya mwaka 1987 na mkutano wa Rio wa mwaka 1992, dhana ya maendeleo yasiyowaharibia wajao ilienea duniani. Kiswahili hakikukopa neno la kigeni kuieleza. Kilichukua kitenzi *endelea*, kikakitia kiambishi *-vu*, tukapata *endelevu*, kama vile *tulia* ilivyozaa *tulivu* na *vumilia* ikazaa *vumilivu*. Mtu hawi mvumilivu kwa kuvumilia asubuhi moja. Sifa hizi hutaja tabia iliyozoeleka. Vivyo hivyo, shughuli ya siku moja haiwezi kuitwa endelevu, hata ikiwa imehudhuriwa na wakuu wote wa chuo.

Nimeshuhudia miche ikipandwa chuoni kwa nyimbo na picha nyingi, na baada ya likizo ndefu nikakuta vijiti vikavu. Sababu haikuwa uvivu tu. Siku ya Mazingira Duniani huwa tarehe 5 Juni kwa kuwa siku hiyo mwaka 1972 ulifunguliwa mkutano wa Stockholm. Kwetu kusini mwa Uganda, wakati huo mvua za Machi hadi Mei zinakwisha, kiangazi kinaingia, na wanafunzi wanafungasha mizigo. Wamarekani wa 1970 walichagua tarehe kwa kalenda ya vyuo vyao. Nasi hatuna budi kutazama kalenda yetu na mawingu yetu. Mvua za Septemba hadi Novemba hutukuta chuoni, mwaka wa masomo ukiwa bado mchanga. Basi tuadhimishe mwezi Juni kwa mijadala, na tupande mwezi Septemba.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya pekee katika kazi hii. Matangazo mengi ya mazingira huandikwa kwa Kiingereza, na mfagiaji, mpishi na mtunza bustani, ambao ndio wanaoshika taka na maji ya chuo kila siku, hawaalikwi. Tafsirini matangazo hayo. Waulizeni wazee wa jirani majina na matumizi ya miti ya mahali, muyaandike kabla hayajapotea. Andaeni igizo fupi kuhusu taka za bweni. Na kila darasa lijitwalie mche mmoja, kwa zamu ya kumwagilia inayojulikana, hata wakati wa likizo.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwakani, kabla hatujauliza ni miche mingapi tutapanda, tuulize kwanza ni mingapi ya mwaka huu ingali hai.