Damu Inarudije Moyoni?

Hebu tazama mgongo wa kiganja chako. Ile mistari ya kijani au ya buluu ni vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Leo hilo ni somo la sekondari tu. Lakini kwa zaidi ya miaka 1,400 matabibu wakubwa kabisa waliamini vingine.

Mwalimu wao alikuwa Galen, tabibu wa karne ya 2 huko Roma. Alifundisha kwamba chakula hugeuzwa kuwa damu ndani ya ini, damu hiyo husambaa kupitia vena, kisha mwili huitumia ikaisha, kama shamba linavyonywa maji ya mfereji. Kiasi kidogo, alisema, huvuka kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana kwenye ukuta wa katikati.

Mwaka 1242, Ibn al-Nafis, tabibu mzaliwa wa Damascus, alikataa. Ukuta ule, aliandika, ni mnene na hauna tundu. Damu lazima ipite kwenye mapafu ndipo ifike upande wa kushoto. Alikuwa sahihi! Ila hoja yake haikujulikana sana mpaka 1924, pale mwanafunzi Mmisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoieleza kwenye tasnifu yake huko Freiburg, Ujerumani. (Ndiyo, tasnifu. Tulio kwenye shahada za juu, tujipe moyo.)

Sasa twende Uingereza, 1628. William Harvey alipiga hesabu. Tuirudie kwa takwimu za leo: kila pigo, moyo hutoa kama mililita 70. Zidisha kwa mapigo 70, unapata karibu lita 5 kwa dakika. Kwa saa moja ni lita 300 hivi. Wewe mwili mzima una kama lita 5 tu. Je, ini litatengeneza lita 300 kutokana na ugali wa mchana? Haiwezekani. Damu ni ile ile, inazunguka.

Tena alionyesha ushahidi mkononi. Jaribu: ning'iniza mkono mpaka vena zitokeze. Bana moja kwa kidole karibu na kifundo cha mkono, kisha kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kiwiko, halafu kiinue hicho cha pili. Kipande hicho hubaki bapa, kwa sababu vena zina vali zinazozuia damu kurudi nyuma. Achia kidole cha chini: inajaa papo hapo.

Lakini kulikuwa na pengo. Damu inatokaje kwenye ateri, zenye kuta nene za kuhimili msukumo wa moyo, ikaingia kwenye vena? Harvey hakuiona njia hiyo. Alifariki 1657, na miaka minne baadaye Marcello Malpighi, akitumia hadubini, aliiona kwenye mapafu ya chura: kapilari, vijishipa ambavyo ukuta wake ni unene wa seli moja tu. Humo ndimo oksijeni inapotoka kwenda kwenye tishu na uchafu unapoingia.

Kwa hiyo, mtu akikuuliza hesabu ina kazi gani kwenye baiolojia, mjibu hivi: ilituambia kapilari zipo kabla jicho halijaziona.