Neno la Heshima Lililoamriwa: «Citoyen» na Uhuru wa Kusema katika Zaïre, 1971-1993

Mjadala juu ya usahihi wa kisiasa, yaani desturi ya kuacha maneno yanayodhaniwa kudhalilisha watu na kushika mengine yaliyokubaliwa, huhesabiwa kuwa jambo la vyuo vikuu vya Marekani tangu mwisho wa miaka ya 1980. Nchi yetu ilikuwa imekwisha kufanya jaribio lake mapema zaidi, na jaribio hilo lilikuwa na polisi nyuma yake. Katika makala haya tutalitazama kwa upande wa maneno ya kuitana.

Kwanza tukiri kwamba jeraha lilikuwepo. Katika hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960, Patrice Lumumba alitaja, pamoja na kazi za shokoa na mapigo, jambo ambalo msikilizaji wa nje angeliona dogo: kwamba Mwafrika aliitwa «tu», si kwa urafiki, bali kwa sababu «vous» ya heshima iliwekwa akiba kwa Wazungu. Kwa hiyo, serikali ya Mobutu ilipofuta «Monsieur» na «Madame» mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuamuru kila mtu aitwe «citoyen» au «citoyenne», wengi walisikia ndani yake haki iliyochelewa. Waziri na mfagizi wangeitwa jina moja. (Kwamba siasa ya uhalisi wa Kiafrika ilikwenda kuazima neno la mapinduzi ya Kifaransa ya 1789 ni kichekesho ambacho wakati ule hakikuchekwa hadharani.)

Amri hiyo haikuja peke yake. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaïre. Katanga nayo ikawa Shaba, neno la Kiswahili safi. Mwaka 1972 majina ya ubatizo ya kigeni yalikatazwa, na Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Malula alipopinga, alitolewa katika makazi yake, akakaa Roma kwa miezi kadhaa. Gazeti la Kikatoliki *Afrique chrétienne*, lililothubutu kuuliza maswali, likasimamishwa. Hapa ndipo maana halisi ya amri inapoonekana. Kumwita jirani «citoyen» hakukumdhuru mtu. Kilichodhuru ni kwamba neno halikuweza kujadiliwa: aliyelikataa hakuhesabiwa mwenye maoni mengine, alihesabiwa adui wa taifa. Tena neno lenyewe lilificha jambo. Ikiwa sote ni raia sawasawa, kwa jina gani utamtaja yule anayekula mali ya wote? Msamiati rasmi haukuwa na neno hilo.

Watu walilitafutia njia nyingine. «Radio trottoir», yaani habari za kando ya barabara, ilisema yale ambayo redio ya serikali haikusema. Hapa Lubumbashi kundi la maigizo la Mufwankolo lilicheza kwa Kiswahili chetu cha mjini hadithi za machifu na vijiji, na watazamaji walijua machifu hao ni akina nani. Johannes Fabian aliandika kitabu kizima, kilichotoka 1990, juu ya mchezo wao mmoja uliozungumzia utawala. Kwa maoni yangu, hazina hii yote ya mafumbo haipaswi kusifiwa kupita kiasi. Fumbo humwezesha mtu kusema, lakini haliwezi kumlazimisha mkubwa ajibu.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Tai ikaruhusiwa tena shingoni, na «Monsieur» akarudi mitaani. Uhuru ulitolewa jinsi ulivyokuwa umenyang'anywa, kwa tamko la mtu mmoja. Hazikupita wiki tatu, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi wakashambuliwa katika kampasi ya Lubumbashi, na hesabu ya waliouawa ingali inabishaniwa.

Kisha yakaja maneno ambayo hakuna aliyeyaamuru wala kuyakataza. Katika mikutano ya hadhara ya 1991 na 1992, viongozi wa chama cha UFERI, akiwemo gavana Kyungu wa Kumwanza, waliwaita watu wenye asili ya Kasai «bilulu», yaani wadudu. Mwanaisimu hawezi kupita hapa bila kusimama. Kwa kiambishi *bi-*, ambacho katika Kiswahili sanifu ni *vi-*, binadamu anaondolewa katika ngeli ya *wa-* na kuwekwa katika ngeli ya vitu. Baada ya Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai, kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa mwezi Agosti 1992, nyumba zilichomwa Lubumbashi na Likasi, na mwaka 1993 zamu ikawa ya Kolwezi.

Wako wanaosema kwamba «citoyen» lingalibaki, «bilulu» lisingalitamkwa. Sikubaliani nao. Neno hilo lilitamkwa na wenye mamlaka, kama lile la kwanza, na kwa mara ya pili waliotajwa hawakuwa na kipaza sauti. Maelfu yao walikaa kwa wiki na miezi katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja gari moshi la kwenda Kasai, nchi ambayo wengi hawakuwahi kuiona, kwa kuwa ni babu zao walioletwa na Union Minière tangu miaka ya 1920. Watoto waliozaliwa makambini mwa wafanyakazi walikuwa wakisema Kiswahili kile kile cha waliowafukuza.