Mgomo wa Mwaka 1950 na Meza ya Mashauri

Katika taarifa hii tumeona vema kukumbusha habari za mgomo uliotikisa mitaa yetu ya mashariki ya Nairobi. Tarehe 15 Mei 1950 Serikali iliwakamata Bwana Makhan Singh na Bwana Fred Kubai, viongozi wa wafanyakazi. Kesho yake kazi zikasimama. Watu walitaka viongozi wafunguliwe, na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Polisi wakatumia moshi wa kutoa machozi. Baada ya siku zipatazo tisa mgomo ukaisha, madai yasitimizwe. Bwana Makhan Singh alizuiliwa hata Oktoba 1961.

Kwa maoni yetu, upungufu mkubwa wa siku zile ulikuwa kukosa mahali pa mfanyakazi na mwajiri kuketi wakasikilizana. Mdai alihesabiwa mchochezi tu. Mahali hapo palipatikana Oktoba 1962, Bwana Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi: waajiri na vyama wakatia sahihi mkataba wa kutanguliza mashauri kabla ya mgomo. Mwaka 1964 ikafuata Mahakama ya Viwanda.

Bwana Mboya aliyajua haya. Alipokuwa mkaguzi wa afya wa Jiji, alisimulia, mwanamke wa Kizungu aliyeleta maziwa yapimwe alimkuta peke yake ofisini, akauliza kama hakuna mtu.