Chumba cha Barabara ya Pugu: Studio Iliyobeba Sauti za Tabora

Anayetaka kujua Tabora ilivyosikika katika miaka ya 1970 asianzie Tabora. Aanzie Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere, kwenye jengo la utangazaji. Ndani ya jengo hilo palikuwa na studio ya kurekodia ya Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bendi za dansi kutoka mikoani zilifika hapo na vyombo vyao, zikarekodi na kurudi kwao. Siku chache baadaye mwanamuziki wa Tabora alijisikia akiimba kwenye redio ya jirani.

Safari hiyo ilikuwa na wazee wake. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo kwa miguu, mzigo wa frasila mbili begani, yaani zaidi ya kilo 30. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na bendera, na ngoma ikilia. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani Juni 1857 kwa njia hiyohiyo, waliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya miezi ikawa ya siku. Wapagazi waliimba njia nzima, lakini nyingi katika nyimbo zao zilikufa na waimbaji wake. Wajukuu wao walipata bahati ambayo wao hawakuipata: chumba chenye mashine ya kunasa sauti.

Chanzo

Utangazaji ulianza Julai 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na jina lilisema kweli, kwa sababu matangazo hayakuvuka mbali na mji wenyewe. Mwaka 1955 ikawa Sauti ya Tanganyika, na mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika lililojulikana kwa herufi TBC, likifuata mfano wa BBC ya Uingereza. Baada ya uhuru serikali ilitaka redio iwe mkononi mwake. Julai 1965 shirika likavunjwa, redio ikawekwa chini ya wizara, na jina la RTD likazaliwa.

Redio ya taifa jipya ilihitaji muziki wa taifa hilo, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Biashara ya santuri Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Nairobi. Bendi ya Tanganyika iliyotaka kuwa na santuri iliwatazama wafanyabiashara wa huko. Studio ya RTD ilijaza pengo hilo. Haikujengwa ili iuze muziki. Ilijengwa ili redio ipate cha kupiga, na kwa miaka mingi ikawa ndiyo studio ambayo bendi za nchi nzima ziliitegemea.

Siku ya kurekodi

Kazi ilianza kwenye karatasi kabla ya gitaa. Maneno ya nyimbo yaliandikwa na kupelekwa yakaguliwe. Wimbo wenye matusi au wenye kuichokonoa siasa ya nchi haukufika kwenye maikrofoni. Ukishapita, bendi iliingia studio nzima nzima: solo, ridhim, besi, dramu, tumba, wapulizaji na waimbaji.

Humo fundi mitambo ndiye aliyekuwa mfalme. James Mhilu, mmoja wa mafundi ambao wanamuziki wa dansi huwataja kwa heshima, alikuwa wa enzi hizo. Maikrofoni zilikuwa chache kuliko watu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kuchanganya sauti ilifanyika kwa kuwapanga watu wenyewe. Mwenye tarumbeta alirudishwa nyuma asiwameze wenzake, na mwimbaji akasogezwa mbele. Riili ya utepe ikizunguka, wote walipiga kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho. Mpiga besi akiteleza kwenye ubeti wa mwisho, utepe ulirudishwa nyuma na watu wote wakaanza upya, hata aliyeimba bila kosa.

Leo mwanafunzi wa utangazaji kwenye Redio SAUT ya Mwanza au Mlimani Redio ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hukata kikohozi kwa kubofya kitufe, akabandika neno lililosahaulika. Hilo ni jambo jema. Lakini akisikiliza rekodi za RTD kwa makini atagundua kwamba ule usahihi ulitoka kwenye mazoezi. Bendi ilikuwa imekwisha kumaliza makosa yake ukumbini, mbele ya watu wanaocheza.

Tabora mbele ya maikrofoni

Kwa nini mji wa bara ulitoa bendi nyingi zenye jina? Tazama ramani ya reli. Tabora ni makutano: njia moja inakwenda Kigoma, ikiwa na tawi la Mpanda, nyingine Mwanza. Walioshuka hapo walishuka na habari, nguo na nyimbo, zikiwemo za Kongo zilizovuka Ziwa Tanganyika.

Kiko Kids, bendi ya Salum Zahoro, ilitamba tangu miaka ya 1950, kabla RTD haijaitwa RTD. Miongo minne baadaye Zahoro alionekana tena na wakongwe wenzake kwenye Shikamoo Jazz. Nyanyembe Jazz ilibeba jina la utemi wa Unyanyembe, na wimbo wake wa "Rangi ya Chungwa" bado unajulikana hata na vijana wasioijua bendi. Tabora Jazz, na mtindo wake wa Segere Matata, ndiyo iliyoupeleka mji mbali zaidi. Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma aliyejiunga nayo mwaka 1972, aliacha "Dada Asha", wimbo ambao hadi leo ukipigwa harusini wazee husimama bila kuitwa. Karenga mwenyewe alifuata njia ya kale: kutoka ziwani hadi Tabora, kisha mbele kuelekea pwani.

Redio iliyokuwa darasa

Vipindi vya RTD havikuwa vya muziki peke yake. Kulikuwa na vipindi vya shule na vya elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi takriban 75,000, kila kikundi na redio yake na kitabu chake. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Baada ya somo redio haikuzimwa. Betri zilizochoka zilianikwa juani ili zitoe tone la mwisho, na mara nyingi tone hilo lilikwisha na wimbo wa dansi. Ndivyo bendi ya Tabora ilivyopata wasikilizaji ambao ukumbi wowote usingewatosha.

Deni

Mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, mlango wa Nairobi ukafungwa kwa wengi, na studio ya Barabara ya Pugu ikazidi kuwa kimbilio. Hapo ndipo penye uchungu. Studio ililipa kidogo, na wimbo ukishaingia maktaba ulipigwa miaka nenda miaka rudi pasipo mwenyewe kuona senti nyingine. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999, wakati wengi walioimba walikuwa wamekwisha kuzeeka au kuzikwa.

Kufikia hapo enzi yenyewe ilikuwa imebadilika. Mwaka 1994 Radio One ilianza kurusha matangazo, studio za watu binafsi zikaongezeka, na kijana mwenye kinanda cha umeme hakuhitaji tena bendi ya watu kumi. RTD iliunganishwa na televisheni ya taifa mwaka 2002, na mwaka 2007 likaja Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC: herufi zilezile tatu za mwaka 1956.

Zilizobaki ni riili. Bila chumba kile, Segere Matata leo ingekuwa hadithi ya wazee, kama zilivyokuwa nyimbo za wapagazi. Kwa hilo studio inastahili shukrani, nasi wa Tabora tuwe wa kwanza kuzitoa. Lakini mpagazi wa zamani alipofika pwani, mzigo wake ulitiwa kwenye mizani, frasila zikahesabiwa, na ujira wake ukajulikana. Mzigo ambao wanamuziki wa Tabora waliutua Barabara ya Pugu bado haujapimwa.