Kabla Uamini Namba za Mtu, Soma Hii ya Tetley

Wasee, kuna swali tunalipenda sana huku mtandaoni: nani anafeki? Nani amekodi hiyo gari, nani amenunua hao wafuasi? Mimi leo niko na swali lingine. Yule anayeziamini hizo namba feki na kuanza kukimbizana nazo, yeye humpata nini?

Jibu nimelipata mbali kabisa, kwa mashindano ya matanga ya 1968.

Mwaka huo gazeti la Uingereza, Sunday Times, lilitangaza Golden Globe. Zunguka dunia kwa matanga, peke yako, bila kuingia bandari yoyote, bila msaada wa mtu. Hakuna mtu alikuwa amewahi kufanya hivyo. Unaondoka siku unayotaka kati ya 1 Juni na 31 Oktoba. Wa kwanza kurudi anapewa kikombe, na mwenye mwendo wa kasi kuliko wote anapewa pauni 5,000. Walioondoka walikuwa 9. Aliyemaliza ni 1.

Huyo mmoja ni Robin Knox-Johnston, miaka 29, baharia wa meli za biashara. Boti yake ilijengwa India, ilikuwa ya futi 32 tu, fupi kuliko basi la kwenda Mombasa. Iliitwa Suhaili. Wazee wa majahazi wa Pwani hawahitaji kuelezwa hilo jina: suheli kwa Kiswahili cha zamani ni kusini, na huko kusini kwenye mawimbi makubwa ndiko alikuwa anaelekea.

Usidhani maisha yenyewe yalikuwa ya picha kali. Boti ilianza kuvuja mapema, ikabidi apige mbizi katikati ya bahari aizibe kwa chini. Papa akaanza kumzunguka. Akapanda juu, akampiga risasi, akarudi majini kumaliza kazi. Maji ya tangi yakaharibika, akawa anakinga ya mvua. Redio ikafa. Baada ya kuonekana New Zealand mwezi wa 11, miezi ikapita bila mtu nyumbani kujua kama yuko hai. Hakuna kuposti, hakuna kusifiwa. Alirudi Falmouth 22 Aprili 1969, baada ya siku 312. Watu wa forodha wakamuuliza ametoka bandari gani. Akajibu: Falmouth.

Sasa tuingie kwa Donald Crowhurst. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki, sio baharia wa kazi. Boti yake ilikuwa ya bodi tatu zilizounganishwa. Fikiria ngalawa na yale mabawa yake ya pande mbili, lakini kubwa. Alikuwa amefunga mkataba mbaya: akijitoa mapema, aliyemfadhili angeweza kumdai pesa ya boti, na biashara yake ilikuwa tayari inayumba. Nyumbani kulikuwa na mke na watoto wanne. Akaondoka 31 Oktoba, siku ya mwisho kabisa, boti ikiwa haijakamilika.

Haikuchukua muda akajua boti haitaweza bahari ya kusini. Kuendelea ni kifo, kurudi ni kufilisika. Akachagua njia ya tatu: akabaki Atlantiki na kutuma taarifa za uongo za mahali alipo. Mwezi wa 12 alidai amekata maili 243 za baharini kwa siku moja. Magazeti yakachangamka. Satelaiti ya kumfuatilia haikuwepo. Neno lake ndilo lilikuwa ramani.

Na hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, juu ya mtu anayesahaulika kila mara hadithi hii ikisimuliwa. Nigel Tetley.

Tetley alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Boti yake, Victress, ndiyo ilikuwa nyumba yake na mkewe. Yeye alizunguka kweli. Alipita Cape Horn, boti ikiwa imechoka vibaya, na kufikia Mei 1969 alikuwa amerudi Atlantiki, hizo pauni 5,000 zikimsubiri. Kitu pekee alichohitaji ni kwenda polepole. Lakini redio ilimwambia Crowhurst anakuja kwa kasi nyuma yake. Kwa hivyo akaikamua boti iliyochoka. Karibu na visiwa vya Azores, ikiwa imebaki kama maili 1,100 afike, Victress ilivunjika kwenye dhoruba na kuzama. Tetley aliokolewa, lakini nyumba ilikuwa imeenda, akimkimbia mtu ambaye hakuwa anakuja.

Crowhurst naye akanaswa. Inaonekana mpango wake ulikuwa afike nyuma ya Tetley, ambapo hakuna mtu angekagua madaftari yake. Tetley alipozama, yeye ndiye akawa mshindi mtarajiwa wa zile pesa, na kila mstari ungesomwa. Maandishi yake yanaishia 1 Julai. Boti ilipatikana 10 Julai, ikielea bila mtu. Ndani kulikuwa na ukweli wote, kwa mkono wake mwenyewe.

Knox-Johnston alizitoa pauni 5,000 zote kwa mjane na watoto wa Crowhurst.

Tunasema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, lakini methali haitaji watu anaowasukuma mtaroni akipita. Wengi tukisoma hadithi hii tunaapa hatutakuwa Crowhurst. Sawa. Lakini mimi naona wengi wetu ni Tetley. Uko na miaka 22, unasonga vizuri na kaboti kako, kisha unaona kwa simu mtu wa rika lako amejenga, amesafiri, amefika. Unachukua mkopo. Unaacha kulala. Unakamua boti.

Na labda huyo unayemkimbia hajatoka hata Atlantiki.

Kagua boti yako kwanza. Kama inavuja, shuka uzibe. Wa kwanza kufika nyumbani alikuwa mtu ambaye redio yake ilikuwa imekufa.